Utamaduni wa Pwani: Mgeni Apewe Jembe

Kuna maneno mawili yasemwayo sana juu ya utamaduni wa watu wa Pwani, na yote mawili hayatufai. La kwanza husemwa na wasio wa kwetu: ati Mswahili hana lake, dini ni ya Mwarabu, pilau ni ya Mhindi, meza ni ya Mreno, na yeye mwenyewe ni kama nguo iliyojaa viraka hata kitambaa chenyewe hakionekani. La pili husemwa na baadhi yetu wenyewe, tena kwa majivuno: ati asili yetu ni ng'ambo, na kila kilicho chema kwetu kilishuka jahazini. Ukiyatazama vizuri, ndugu msomaji, utaona kuwa maneno hayo ni neno moja lililovaa kanzu mbili. Wasemaji wote wawili wanadai kuwa kitu ni cha yule aliyekileta. Mimi nadai kuwa kitu ni cha yule aliyekitia kazini.

Wazee wetu walikwisha kutuachia kipimo cha jambo hili. Walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu twaitumia kumsuta mgeni mvivu, lakini ina maana pana zaidi. Yatufundisha kuwa mgeni hafukuzwi mlangoni wala haabudiwi sebuleni. Hukaribishwa, hulishwa, kisha huingizwa katika kazi za nyumba kama watu wa nyumba. Akishalima na kuvuna pamoja nasi, nani atamwita mgeni tena? Hivyo ndivyo tamaduni zinavyoingiliana zinapokaa pamoja kwa miaka mingi, na Pwani yetu ni mfano ulio wazi kabisa.

UPEPO ULIWAZUIA

Yafaa kwanza tujiulize: kwa nini mkutano huu ulitokea hapa kwetu, tena ukadumu? Sababu kubwa ni upepo. Vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, upepo uvumao toka kama Disemba hadi Machi, na havikuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma. Nahodha aliyefika Lamu au Mombasa hakuwa na uwezo wa kuuza bidhaa na kuondoka kesho yake. Alikaa miezi. Akapanga nyumba, akaswali katika safu moja na wenyeji, akakopa na kukopesha, akajifunza maneno ya sokoni, na wengine wakaposa na kuoa. Lau upepo ungekuwa wavuma pande zote kila siku, pengine Pwani ingepata biashara tu. Kule kungoja ndiko kulikoleta ujirani, na ujirani ukaleta udugu.

Alama za kungoja huko zingali ardhini. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi walioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walikuta misikiti iliyojengwa mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine. Wa mwanzo kabisa ulikuwa jengo dogo la miti, la karne ya 8; ile ya baadaye ikawa ya mawe. Maana yake ni kwamba Uislamu ulipofika haukuja na nyumba yake. Ulipewa nyumba ya kienyeji, ya miti kama nyumba za majirani, nao ukakaa humo na kukua pamoja na mji. Ibn Battuta alipolala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 aliandika habari ya watu wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Madhehebu yalivuka bahari, mbao zilikatwa huku, na katika msikiti mmoja viwili hivyo havikugombana.

Hata jina letu ni ushahidi. Sawahili ni neno la Kiarabu, maana yake ni pwani zilizo nyingi, na wageni ndio walioziita pwani zetu hivyo. Je, tulilifanya nini jina hilo la kupewa? Tulilipa jembe. Tuliliongeza M- likawa mtu, Wa- wakawa watu, Ki- ikawa lugha, na U- ikawa nchi na mwenendo. Leo Mwarabu akitaka kutamka Uswahili hana budi kuazima kiambishi chetu.

NYUMBA YA MAMA

Mwaka 2023 lilichapishwa katika jarida la Nature jambo ambalo lingepasa kumaliza ubishi mwingi wa barazani. Wataalamu walichunguza chembechembe za urithi katika mifupa ya watu 80 waliozikwa baina ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya Pwani kama Mtwapa, Manda na Faza kwetu Kenya, na Kilwa na Songo Mnara huko Tanzania. Waliona kuwa wengi wa watu hao walikuwa na damu ya Afrika na damu ya Asia kwa pamoja, na kwamba kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Damu ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume, na katika zama zile za kwanza wengi wa wanaume hao asili yao ilikuwa Uajemi. Waarabu walizidi baadaye. Damu ya Afrika ilitoka zaidi kwa wanawake.

Basi wale waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wakiota, na wale waliosema kuwa Mswahili ni Mwafrika hawakusema uwongo. Lakini lililo kubwa zaidi kwangu ni hili: baba alikuja na bidhaa, na nasaba, na habari za miji ya mbali, na bado mtoto alisema lugha ya mama. Kiajemi hakikuwa lugha ya Pate. Kiarabu hakikuwa lugha ya Mvita, ijapokuwa kilisomwa na kuheshimiwa kwa sababu ya dini. Lugha ya nyumbani ilibaki ya Kibantu, na kila neno lililoingia lilipaswa kufuata sheria za nyumba hiyo.

Tazama neno kitabu. Mwarabu akiwa navyo vingi husema kutub. Sisi tulisikia ile ki- ya mwanzo tukaifanya kama ya kiti na kisu, tukasema vitabu. Neno samehe tulilipokea, kisha tukalifanya lizae: samehewa, sameheana, msamaha. Kiingereza nacho hakikusalimika. Alama ya barabarani iliyomwamuru dereva apite kushoto imekuwa kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Hayo si makosa ya watu wasiojua. Ni kazi ya lugha yenye afya, ambayo humpokea mgeni na papo hapo ikamwonyesha kondeni.

Chakula kilipita njia hiyo hiyo. Twaa kifungua kinywa cha mtu wa Mombasa, mahamri na mbaazi. Jina la mahamri latokana na hamira, neno la Kiarabu. Iliki inayonukia ndani yake asili yake ni kusini ya Bara Hindi. Mbaazi pia ni za Bara Hindi, na mnazi uliotoa tui ulivuka bahari kutoka mashariki zamani sana. Kila kitu katika sahani ile kina kwao kwingine, na bado huwezi kwenda Maskati wala Bombay ukamtaka mtu akupe mahamri na mbaazi za nazi kama zilivyo kwetu. Mahindi nayo jina lake latudanganya kuwa yatoka Uhindini, kumbe asili yake ni Amerika, na Wareno ndio waliosaidia kuyaeneza. Leo nani atasema sima si chakula chetu?

WALIOKUJA NA MIZINGA

Haifai, hata hivyo, tuzungumze kana kwamba kila mkutano ulikuwa wa kahawa na halua. Wako waliokuja na mizinga. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, na baada yake Wareno walishambulia na kuchoma miji yetu. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu, na hawakutolewa ila mwaka 1698, baada ya Waomani kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Hao walikuwa wageni waliotaka kukaa juu ya paa la mwenyeji. Pamoja na hayo, maneno yao yalibaki nyuma yakatumika: meza, bendera, karata, parafujo. Neno gereza nalo latokana na neno lao la kanisa. Mwenyeji aliitazama nyumba ile ya ibada iliyozungukwa na kuta nene na askari, akaipa jina kwa kadiri alivyoiona. Na Waingereza walipoigeuza ngome yenyewe kuwa jela, toka 1895 hadi 1958, ikawa ni kama historia imelithibitisha neno.

Wako pia waliochanganywa nasi bila hiari yao. Watu waliotolewa bara katika utumwa, ambao sheria iliufuta katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu, walilima mashamba ya Malindi na Mombasa, wakapika katika majiko ya waungwana na kulea watoto wao. Ngoma zao, hadithi zao na ujuzi wao wa dawa za miti uliingia ndani ya kile tunachokiita leo ustaarabu wa Pwani. Vile vile majirani zetu Wamijikenda, ambao mataifa thenashara ya Mombasa yalikuwa na mikataba nao ya biashara na vita tangu zamani. Mtu anayehesabu wageni wa ng'ambo peke yao, akawasahau hawa, anasimulia nusu ya kisa. Na mara nyingi anajua kwa nini ameiacha nusu ya pili.

LESO IMEBEBA WOTE

Kama yuko anayetaka kuyaona haya yote mahali pamoja, basi na atazame leso. Jina lake latokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na husimuliwa kuwa wanawake wa Pwani walivinunua vitambaa hivyo vikiwa vimeunganika, wakavishona viwili viwili mpaka vikatosha kujifunga. Wafanya biashara wa Kihindi waliona wanachokitaka akina mama, wakaagiza kipigwe chapa kiwandani. Maduka ya Mtaa wa Biashara, Mombasa, na chapa ya "Mali ya Abdulla" yajulikana na kila nyumba. Nguo zenyewe zilitengenezwa Bara Hindi, Ulaya na Japani kabla ya viwanda vya Afrika Mashariki. Lile ua lililopinda ncha ni la Waajemi na Wahindi, lakini sisi twaliita korosho, na mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazili. Kisha likaongezwa jina, yaani maneno yale ya chini, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kizungu, na muda wote kwa Kiswahili.

Hayo maneno ndiyo jembe lenyewe. Nguo iliyozunguka nusu ya dunia ilifika mikononi mwa mwanamke wa Pwani, naye akaiamuru iseme: imjibu jirani, imuase mume, imliwaze mfiwa, imbebe mtoto, imfunike maiti. Hakumngoja mwenye kiwanda amwambie itumike vipi.

Muziki nao ni vivyo hivyo. Udi na kanuni vilitoka Arabuni na Misri, lakini Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti katika sahani za santuri, aliimba Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia mashairi ya Kimvita yenye vina na mizani. Waliomcheka kwa kuiga hawakusikiliza maneno.

TULITOA, HATUKUPOKEA TU

Jambo moja husahauliwa na pande zote mbili nilizozitaja mwanzo: sisi nasi tulikuwa wageni kwa wengine. Neno safari tulilipata kwa Mwarabu, tukalitumia kwa misafara yetu ya bara, na Mwingereza akalichukua kwetu. Leo linatembea katika lugha nyingi za dunia. Huko Gujarati, Bara Hindi, wako Waislamu wanaoitwa Masidi, ambao asili yao ni Afrika, na ngoma yao wanaiita goma. Katika mitaa ya Maskati husikika Kiswahili fasaha cha familia zilizotoka Unguja na kurudi Omani, hasa baada ya mwaka 1970. Utamaduni unaotoa na kupokea hauogopi kupotea. Unaopokea tu ndio ulio hatarini, kwa kuwa huo ndio mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Na hapa ndipo penye hofu yangu. Mgeni wa leo hangoji upepo. Huingia kwa televisheni na kwa simu, usiku na mchana, hakai barazani, haswali nasi, hasikii tunachomjibu. Twayaona ya kwake yote, yeye hayaoni yetu. Kijana huchukua neno la Kiingereza kama lilivyo, hata kiambishi halitii. Arusi yaweza kufanywa toka mwanzo hadi mwisho bila vugo kupigwa na bila wimbo mmoja ambao bibi ya bibi arusi aweza kuuitikia. Sisemi gauni la arusi ni haramu, wala ukumbi si kosa. Nauliza tu: wako wapi watu wa nyumba katika shughuli hiyo?

Wala tusidhani kuwa jambo hili latoka Magharibi peke yake. Wako wanaokirudi kila cha Kizungu, kisha wakakipokea kila cha nchi za Ghuba kwa kuwa ni cha Waarabu. Buibui, ambalo wengi wadhani ni la tangu na tangu, liliingia kutoka Hadharamaut mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake wanawake wa kiungwana wa Lamu walitembea ndani ya shiraa. Sasa abaya imelisukuma buibui la zamani. Sitara ni amri ya dini na haina mjadala, lakini mshono ni wa watu na mahali pao. Katika Sura ya Al-Hujurat Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa kuumbwa kwetu mataifa na makabila ni ili tujuane, na watu hawajuani ila kila mmoja akiwa na uso wake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasome elimu za kisasa na papo hapo akawakemea walioiga ya Wazungu bila kupima. Kupima huko ndiko tunakokuhitaji, na kupimwe kila kitu, cha kutoka London na cha kutoka Dubai.

Ni lipi la kufanya? Kwanza, tuseme lugha zetu majumbani. Mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, na Kimvita kikabaki nje ya mlango wake. Kiswahili sanifu kimetufaa, sikatai. Lakini mtoto wa Mji wa Kale anayesahihishwa na mzazi wake mwenyewe asiseme ndia, mato na tini amenyang'anywa kitu, na aliyemnyang'anya ni wa nyumbani.

Pili, tuyarudie maandishi yetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji na tenzi za Pate, pamoja na barua na hati za mashamba, viliandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na waandishi wetu waliziongeza alama herufi hizo ili zibebe sauti zisizokuwamo katika Kiarabu. Watoto wetu katika vyuo na madrasa wazijua herufi hizo vizuri, kwani wasomea Kurani. Lakini mpe mmoja wao barua ya babu wa babu yake, iliyoandikwa kwa herufi zile zile na kwa lugha anayoisema, hawezi kuisoma. Saa moja tu kwa wiki ingetosha. Haihitaji serikali wala wafadhili. Yahitaji mwalimu aliye tayari na wazee wenye barua kabatini.

Tusifunge milango ya Pwani. Kwanza hatuwezi, pili si tabia yetu, na lau wazee wangeifunga sisi tusingalikuwapo. Waje na waingie, wakaribishwe kwa kahawa. Lakini siku ya tatu ifikapo, jembe liwepo, na awepo mwenyeji anayejua shamba liko wapi.